Mafuta ya kupikia na ya saladi kwa mwenye aleji: namna ya kuyachagua

Kinachomdhuru mwenye aleji ni protini ya mbegu, si mafuta yenyewe. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani mpaka yakatoka rangi na harufu hubakiwa na protini chache mno. Yaliyokamuliwa na kuchujwa tu bado yanazo.

Hatua ya 1: Jua majina yote ya mbegu inayokudhuru. Ufuta kwenye chupa nyingine ni simsim, chupa za Kihindi huandika til au gingelly, na tahina ni ufuta uliosagwa. Njugu (karanga) kwa Kiarabu ni ful sudani. Chupa iliyoandikwa "mafuta ya mimea" bila ya kutaja mmea iache dukani. Ndani yaweza kuwa mawese, soya au mchanganyiko.

Hatua ya 2: Tazama yalivyotolewa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanaangalia uangavu. Mafuta yanaweza kung'aa na yakawa na protini, na kuyachuja kwa kitambaa hakuziondoi. Harufu ya mbegu ni dalili kwamba hayakusafishwa sana, lakini kukosa harufu pekee si ushahidi wa usalama. Mafuta ya soya yaliyosafishwa kabisa wenye aleji ya soya wengi huyavumilia, na sheria za Ulaya hazilazimishi yatajwe kuwa kizio, yaani kitu kinacholeta aleji. Ya njugu hayakupewa msamaha huo hata yakisafishwa. Ufuta ndio wa kuogopwa zaidi: watu huununulia harufu yake, kwa hiyo kwa kawaida mafuta yake hayasafishwi. Mwenye aleji ya ufuta asiyaonje hata tone.

Hatua ya 3: Nunua chupa iliyofungwa. Mafuta ya kupima ni rahisi, lakini kikombe na faneli ni zile zile kwa kila dumu. Alizeti ya kinu kidogo nayo ina mtego wake, maana mashine iliyokamua alizeti leo huenda jana ilikamua ufuta. Muulize muuzaji, na akikujibu kwa kubahatisha, usinunue.

Hatua ya 4: Ya kupikia. Alizeti iliyosafishwa hustahimili moto hadi kiasi cha nyuzi 225 za Selsiasi, na inafaa kukaangia. Mafuta ya nazi kwa kawaida hayamdhuru mwenye aleji ya njugu, ila zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha lehemu mbaya. Mawese ni karibu nusu. Pikia alizeti, kisha tia kijiko cha chai cha mafuta ya nazi mwishoni kwa ajili ya ladha. Wali wa nazi una mafuta ya tui tayari, na kuuongezea mengine ni mazoea tu. Mwenye aleji ya nazi yenyewe ayaepuke kabisa mafuta ya kupikwa nyumbani, khasa mashapo ya chini.

Hatua ya 5: Ya saladi. Zeituni ni chaguo zuri. Kwa watu wanne changanya vijiko vikubwa 3 vya mafuta na 1 cha maji ya ndimu, chumvi na pilipili manga. Pima kwa kijiko, usimimine: kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Zeituni ikiwa ghali, alizeti inatosha kwa kachumbari.

Hatua ya 6: Chunguza karai. Mafuta yaliyokaangia kamba yamebeba protini ya kamba, na moto hauiondoi. Forodhani, kwenye soko la vyakula vya usiku Unguja, usiulize "mnatumia mafuta gani?" Uliza "karai hili limekaangia nini leo?" Nyumbani weka karai la mwenye aleji peke yake, na usikatie chakula chake kwenye ubao uliokatiwa mkate wa ufuta.

Hatua ya 7: Mafuta mapya. Aliyewahi kubanwa na pumzi asijaribu nyumbani, wala kwa kupaka mkononi. Kipimo hicho ni cha daktari. Midomo ikivimba au sauti ikikauka baada ya kula, sindano ya adrenalini aliyoandikiwa apigwe pajani mara moja, kisha akimbizwe hospitali, hata akijiona nafuu. Vidonge vya aleji vinatuliza muwasho, koo lililovimba havilifungui.