Kuitafuta depo ya injini za mvuke ya Lubumbashi ili uijenge mezani

Kama unataka kujenga mfano mdogo wa depo, pale injini zilipotunzwa, anza na mwaka, majengo yatafuata. Mimi nimeshika 1950, kwa sababu mwaka 1952 treni za umeme wa volti 25,000 zilianza kati ya Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Tenke, na mimi kusuka nyaya nyembamba juu ya reli za mfano sina subira nako. Ukishashika mwaka, picha yoyote unayoletewa unaipima haraka kwa herufi za kampuni ya reli zilizopakwa kwenye injini na mabehewa: BCK ni wakati wa Wabelgiji, KDL ilifuata, SNCZ ni kuanzia 1974, na SNCC ilikuja baadaye. Ukitafuta kwenye intaneti au ukiandikia jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, tumia jina Élisabethville. Mji haukuitwa Lubumbashi hadi 1966.

Halafu fuata kazi ya injini yenyewe. Injini ya mvuke ikitoka safari haiingii bandani moja kwa moja. Inasafishwa moto juu ya shimo la majivu, inajazwa makaa, maji na mchanga mkavu wa kuzuia magurudumu yasiteleze, inageuzwa, ndipo inalala. Utaratibu hubadilika kidogo depo na depo, ila kila hatua inadai nafasi yake. Makaa yaliletwa kwa mabehewa, mengi kutoka Wankie huko Rhodesia, kwa hiyo jukwaa la makaa lazima liwe na reli yake ya pembeni. Majivu nayo huondolewa kwa behewa. Mchanga lazima ukaushwe, kwa hiyo tafuta kijumba chenye jiko na dohani. Ukipata kimoja, vingine unajua uvitafute upande gani.

Wazee wa Makomeno, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ndio ramani yangu bora. Usimwulize mtu, "Depo ilikuwaje?" Atakujibu "kubwa sana", mtakunywa chai, utarudi nyumbani. Uliza hivi: "Papa, mashini ikifika, kwanza mulikuwa munafanya nini?" Mpe chaki na kipande cha ubao. Hata aliyekuwa mtoto wakati ule, anampelekea baba yake chakula, anakumbuka alipokatazwa kupita, na mara nyingi hapo ndipo palipokuwa na shimo la majivu.

Vipimo viko ndani ya picha. Upana kati ya reli zetu ni milimita 1,067, kwa hiyo kila picha yenye reli ina rula yake. Tuseme kwenye picha iliyochapwa reli zimeachana milimita 8 pale chini ya bomba la kujazia maji, na bomba lenyewe lina urefu wa milimita 31. Gawanya 31 kwa 8, zidisha kwa 1,067: bomba ni karibu mita 4.13. Pima reli palepale bomba liliposimama. Ukipima mbele, karibu na kamera, utapata bomba la kibete. Nasi tunatumia kipimo cha 1:64, maana reli za kawaida za dukani, za milimita 16.5, zinakaribia sana upana wetu ukipunguzwa mara 64. Bomba la mezani linakuwa na milimita 65.

Picha za setilaiti za Corona, zilizopigwa na Marekani kati ya 1960 na 1972, zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zinaonyesha mkato wa reli ambao nyumba za leo zimeufunika. Meza ya kugeuzia injini, jukwaa linalozunguka, huacha duara. Duara halijifichi hata likijengewa ua.

Ukienda mwenyewe, pita kwanza kwa mkubwa wa stesheni uombe ruhusa, hasa kama una kamera. Macho yako yatembee chini. Udongo wetu ni mwekundu, kwa hiyo ukikuta mkanda mweusi ulionyooka sambamba na reli, chimba kidogo kwa kidole: vijiwe vyepesi vyenye matundu ni mabaki ya moto wa injini.

Chukua udongo huo mwekundu kopo moja, uchekeche kwa kitambaa, uupake mezani juu ya gundi. Kwa jukwaa la makaa, vumbi la makala, yaani mkaa wa kupikia, linalobaki chini ya mfuko jikoni linatosha kabisa. Lipondeponde, lichekeche mara mbili, kisha ubakishe punje chache kubwa juu, maana makaa ya Wankie hayakuja yakiwa unga.