Kupandisha Impreza WRX STI kutoka rimu za inchi 17 hadi inchi 18

Mwongozo huu ni kwa mwenye Subaru Impreza WRX STI ya umbo la GD, yaani lile lililotoka Japani kati ya mwaka 2000 na 2007, anayetaka kuondoa rimu za kiwandani za inchi 17 na kufunga za inchi 18. Nimechagua gari hili kwa makusudi, kwa kuwa linaonekana sana katika barabara za Kenya na Tanzania, na kwa kuwa mfumo wake wa kuendesha magurudumu yote manne haumsamehi mtu anayenunua rimu kwa kutazama picha. Hasara nyingi katika kazi hii huwa zimeshatokea kabla jeki haijaguswa, pale mtu anapolipia rimu ambazo namba zake hakuzisoma. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kupima na kuhesabu, na sehemu ndogo inahusu kufunga.

Mpangilio wa stadi, tundu la katikati na uzi wa nati

STI za miaka ya kwanza zina stadi tano, yaani boliti za kufungia rimu, zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 100, lakini kuanzia modeli ya mwaka 2005 duara hilo lilipanuliwa hadi milimita 114.3. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa sababu haya ni magari yaliyopita mikononi mwa watu wengi, na baadhi yao wamekwisha kubadilisha habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, pamoja na breki. Chukua vernia, yaani rula ya taya ya kupimia milimita, na upime kutoka ukingo wa kushoto wa stadi moja hadi ukingo wa kushoto wa stadi iliyo jirani yake. Ukipata takriban milimita 58.8, mpangilio wako ni wa 100; ukipata 67.2, ni wa 114.3. Kuna watu watakaokushauri ununue adapta ya kubadilisha mpangilio mmoja kuwa mwingine. Ushauri huo ukatae, kwa sababu adapta ya aina hiyo husukuma gurudumu nje kwa sentimita mbili au zaidi, na hapo hesabu yote ya nafasi ndani ya madigadi huharibika.

Namba ya pili ni tundu la katikati. Habu ya Subaru ina kipenyo cha milimita 56.1. Rimu za Toyota zenye stadi tano za milimita 100, ambazo ni rahisi sana kupatikana kwa wauza rimu zilizotumika, zina tundu la milimita 54.1, na kwa hiyo haziingii kwenye habu ya Subaru hata kama matundu ya stadi yanalingana sawasawa. Wapo wanaozichonga kwa mashine ya kereza, na kazi hiyo ikifanywa na mkereza makini inawezekana, lakini milimita mbili zikiondolewa upande mmoja zaidi kuliko mwingine, rimu haitakaa katikati tena. Rimu za dukani zilizotengenezwa kufaa magari ya aina nyingi huwa na tatizo la kinyume: tundu lake ni pana, mara nyingi milimita 67 au 73.1, na linahitaji pete ya kujazia nafasi hadi 56.1. Pete hiyo ni ya bei ndogo, na isipokuwepo usukani unaweza kutetemeka ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, ukadhani balansi ndiyo mbovu.

Halafu kuna nati, na hapa naomba msomaji atulie. Stadi za Subaru zina kipenyo cha milimita 12 na uzi wa hatua ya 1.25, ilhali Toyota hutumia milimita 12 kwa hatua ya 1.5. Kwa macho nati hizo hazitofautiani. Nati ya Toyota itaingia kwenye stadi ya Subaru mizunguko miwili au mitatu, kisha itakaza, na fundi mwenye haraka akiilazimisha kwa mashine ya upepo, uzi wa stadi unaisha hapo hapo. Kwa kuwa karakana nyingi zinahudumia Toyota kuliko gari jingine lolote, nati zinazozagaa kwenye kopo la fundi kwa kawaida ni za 1.5. Nunua seti yako kamili ya nati 20 za 1.25, zenye mdomo wa koni ya nyuzi 60 ikiwa rimu zako mpya zimechongwa hivyo, na uzianze kwa vidole. Nati isiyozunguka kwa vidole si ya stadi hiyo, au stadi imeshaumia.

Upana na ofseti

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaogusana na habu. Ofseti ikipungua, gurudumu linatoka nje kuelekea madigadi. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokabzoba. Kwa kuwa upana wa rimu nao hugawanyika nusu nje na nusu ndani, ni lazima namba hizo mbili zihesabiwe pamoja.

Chukua STI ya awali yenye rimu za inchi 17 kwa 7.5 na ofseti ya 53. Nusu ya upana wake ni milimita 95.25, kwa hiyo upande wa nje unasimama milimita 42.25 kutoka kwenye habu na upande wa ndani milimita 148.25. Rimu ya inchi 18 kwa 8 yenye ofseti ya 48 ina nusu ya upana ya milimita 101.6, toa 48 upate 53.6 kwa nje, jumlisha 48 upate 149.6 kwa ndani. Gurudumu limetoka nje kwa milimita 11 na ushee na limeingia ndani kwa milimita 1.35 tu. Hiyo ndiyo rimu ninayoipendekeza kwa gari la mpangilio wa 100. Modeli za mwaka 2005 kwenda mbele zilitoka na upana wa inchi 8 kwa ofseti ileile ya 53, hivyo zinaweza kupokea 18 kwa 8.5 yenye ofseti ya 48, na ukirudia hesabu utaona kwamba mabadiliko ya nje na ndani yanafanana kabisa na yale ya kwanza.

Ukifunga hiyo 8.5 kwenye gari la awali, gurudumu linatoka milimita 17.7 na kuingia milimita 7.7. Ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma utaanza kusugua tairi kila gari linapobeba abiria, na itabidi ukunjwe kwa kuupasha moto kwanza ili rangi isipasuke. Kazi hiyo inafanyika, lakini ni uharibifu usiolazimika.

Spesa, yaani sahani zinazowekwa kati ya habu na rimu ili kusukuma gurudumu nje, nazo zina mpaka. Nati inapaswa kushika uzi wa stadi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi yenyewe, yaani milimita 12, ambazo kwa uzi wa 1.25 ni karibu mizunguko kumi kamili. Hesabu mizunguko ya nati kabla ya kukaza, na ikipungua, ondoa spesa.

Tairi

Lengo ni kuongeza kipenyo cha rimu bila kubadilisha kipenyo cha gurudumu zima. Katika 225/45R17 ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya milimita 225, sawa na 101.25, zidisha kwa mbili, jumlisha milimita 431.8 za rimu, upate milimita 634.3. Tairi la 225/40R18 linakupa 637.2, tofauti isiyofika nusu asilimia, na spidomita haitasema uongo wowote wa maana. Tairi la 245/40R18, ambalo wengi hulitamani kwa unene wake, linafika 653.2, yaani asilimia 3 juu, na hapo spidomita itasoma chini ya mwendo wako halisi, gia zitakuwa ndefu zaidi na tairi litakaribia kikombe cha springi. Kama kibandiko cha mlango wa dereva kinaonyesha kwamba gari lako lilitoka na 235/45R17, basi mwenzake ni 235/40R18.

Angalia pia namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la 225/40R18 huuzwa kwa uwezo wa 88, ambao ni kilo 560, na pia kwa uwezo wa 92 lenye alama ya XL (tairi lililoimarishwa kubeba zaidi), ambao ni kilo 630. Tairi la kiwandani la 91 hubeba kilo 615, hivyo chukua la 92. Tairi la XL hufikia uwezo wake kwa upepo mwingi zaidi, kwa hiyo ongeza psi 3 au 4 juu ya kiwango kilichoandikwa mlangoni. Ukuta umepungua kutoka milimita 101 hadi 90, na katika barabara yenye mashimo au matuta makali upepo haba humaanisha rimu iliyopinda. Inafaa kukumbuka kwamba magari ya Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari, yakiwemo ya Safari Rally inayofanyika Naivasha, huvaa rimu za inchi 15 kwenye changarawe na za inchi 18 kwenye lami. Mwenye kupita barabara ya vumbi kila siku abaki na inchi 17, na ninasema hivyo bila kusita.

Jambo ambalo wenye STI hulipuuza na kulilipia gharama kubwa ni kufanana kwa matairi manne. Difu ya katikati imekusudiwa kusawazisha tofauti ndogo za mzunguko wakati wa kukata kona. Tairi la mbele likiwa na mzunguko tofauti na la nyuma, difu hiyo hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, ikipata joto hadi iharibike. Kipimo kinachofuatwa kwa Subaru ni kwamba mizunguko ya matairi isitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Sasa fikiria: tairi likilika kwa milimita moja tu ya kina, mzunguko wake hupungua kwa milimita 6.28. Kwa maneno mengine, kununua matairi mawili mapya na kuacha mawili yaliyochakaa ni kuvunja kipimo hicho siku ileile. Nunua manne, ya kampuni moja na ya mchoro mmoja, na usome tarakimu nne za tarehe ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ubora wa rimu yenyewe

Rimu za Japani hubeba alama ya JWL, inayoonyesha kwamba zimefuata kiwango cha nchi hiyo cha rimu za aloi, na nyingi huwa pia na alama ya VIA kwa kuwa zimesajiliwa baada ya kupimwa. Rimu maarufu kama TE37 ya Rays, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996 kwa aloi iliyofuliwa kwa mashinikizo makubwa, zina nakala nyingi sokoni zinazomiminwa kwenye kalibu. Nakala haivunjiki lazima, ila ni nzito zaidi, na uzito huo huzunguka pamoja na gurudumu, ukichelewesha gari kuondoka, kusimama na kufuata barabara. Weka rimu ya zamani na mpya kwenye mizani. Ikiwa mpya imezidi kwa kilo mbili au tatu, unalipa ili gari lako liwe zito miguuni.

Kujaribisha na kufunga

Kabla tairi halijavalishwa, jaribisha rimu tupu, kwa sababu muuzaji anaweza kukataa kuipokea ikishaguswa na mashine ya tairi. Egesha gari pahali palipo sawa, weka vizuizi nyuma ya magurudumu, legeza nati kidogo gurudumu likiwa chini, inua gari na ulikalishe kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu yote itoke, na usipake grisi kwenye uzi wa stadi, kwa kuwa grisi humfanya fundi akaze kupita kiasi bila kujua.

Weka rimu, kaza nati kwa mkono, kisha izungushe polepole huku ukitazama kalipa ya Brembo, yaani sehemu inayobana diski ya breki, kupitia kati ya spoki. Ninataka nafasi isiyopungua milimita 3 kila mahali, na njia rahisi ya kuipima ni kubandika kipande cha plastisini kwenye kalipa, kuzungusha rimu mara moja na kuangalia kimebaki na unene gani. Rimu mbili za ukubwa na ofseti moja zinaweza kutofautiana hapa kwa umbo la spoki tu.

Ukiridhika, tairi livalishwe na kufanyiwa balansi, kisha ufunge na kupima nafasi za sasipensheni. Kwa mbele, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uhakikishe kidole kinapita kati ya tairi na kikombe cha springi. Kwa nyuma, weka jeki chini ya mkono wa chini, upandishe hadi mwili wa gari uanze kunyanyuka kutoka kwenye stendi, na utazame ukingo wa madigadi ukilinganisha na bega la tairi. Gari lililoshushwa kwa springi fupi lipimwe hivi kwa uangalifu zaidi.

Ukazaji wa mwisho hufanywa gurudumu likigusa ardhi, kwa spana yenye kipimo, ukiruka nati moja kila mara ili njia ya mkono wako ichore nyota. Kiwango kiko katika kitabu cha gari, na kwa Subaru za aina hii huangukia kati ya 80 na 120 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kulingana na mwaka. Endesha kilomita 50 hadi 100, kisha rudia kukaza kwa kiwango kilekile gurudumu likiwa limepoa, kwa sababu aloi mpya hujikalisha kwenye habu.

Siku chache baadaye peleka gari likapimwe alaimenti, na uijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba ukubwa wa rimu umebadilika. Usukani utahisi mzito kidogo na utafuata mifereji ya lami kuliko zamani, kwa kuwa gurudumu limetoka nje. Hilo ni la kawaida. Kuvutwa upande mmoja au mtetemo unaobaki baada ya balansi si kawaida, na ukikutana nao, chunguza kwanza pete za habu, kisha nati, kabla ya kumrudia fundi wa balansi.