Chama cha historia cha wahamiaji: tuige kwa Wamalta wa Melbourne

Watu wengi wakisikia "chama cha historia" wanawaza jengo, makabati ya vioo na mzee mmoja mwenye funguo. Sasa waangalieni Wamalta wa huku Melbourne, Australia, watu waliotoka kisiwa cha Malta kwenye bahari ya Mediterania. Wengi walishuka pale Station Pier, Port Melbourne, baada ya vita kuu ya pili, hasa baada ya Malta na Australia kukubaliana mwaka 1948 kwamba wahamiaji watasaidiwa nauli, wakaenda kujenga nyumba zao Sunshine, St Albans na vitongoji vingine vya magharibi, wenzao wakawa Sydney upande wa Pendle Hill na Greystanes wakifuga kuku na kulima mboga, na kuna waliotangulia zamani kabisa kule Mackay, Queensland, kwenye miwa. Watoto wakasoma kiingereza, wajukuu kimalta hawakijui, wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Na kilichoshika historia yao sio jengo, ni watu wachache waliokubali kukutana kila mara, mmoja aongee mada, wengine wabishe, afu chai na pastizzi, vile vipai vya jibini au njegere ambavyo ukila kimoja huachi.

Naandika hii kwa Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya na wengine tulioko huku, ambao kila msiba lazima mtu aseme "tungemrekodi mzee". Basi tufanye. Sheria nitakazotaja ni za jimbo la Victoria, ukiwa jimbo lingine au nchi nyingine uliza kwenu, ila kazi yenyewe ni ileile popote.

Kitu cha kwanza kabisa ni swali, usajili na katiba vitakuja baadae. Wamalta wana swali moja linalofungua kila mlango: ulikuja na meli gani? Mzee anaweza asikumbuke mwaka, anaweza akachanganya miezi, lakini jina la meli halimtoki, atakwambia Asturias, atakwambia Partizanka, na hapohapo ataanza kukuelezea kitanda alicholala, nani alitapika, nani alichumbiwa njiani. Na lile jina ni funguo kweli maana ukishalijua unaweza kutafuta orodha ya abiria, tarehe ya kufika, bandari aliyopandia na majirani zake wa safari. Halafu halimuumizi mtu, hujamuuliza habari za pesa wala ndoa.

Sisi wengi hatukuja na meli, kwaiyo tafuteni swali lenu. Kwa waliopita ukimbizini naona ni hili: ulikuwa kambi gani, na airport nani alikuja kukupokea? Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Dzaleka, mtu akitaja tu kambi tayari mna mahali pa kuanzia, na yule aliyempokea ndo mtu wa pili wa kumtembelea. Waliokuja kusoma waulizeni nyumba ya kwanza waliyopanga ilikuwa mtaa gani na walikaa wangapi ndani.

Sasa kurekodi. Hapa ndo nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo vyama vingi vinaharibu. Msimwite mzee kwenye ukumbi mkamwekea maiki na watu arobaini wanamtazama, atawapa hotuba. Nendeni kwake, watu wawili tu, mmoja anauliza mwingine anaangalia simu. Simu ya kawaida inatosha, zima mtandao isije ikalia katikati, iweke mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa isichukue mtetemo wa meza, karibu na mdomo wa mzee sio karibu na wako. Kaeni chumbani au sebuleni, jikoni friji linanguruma na kwenye rekodi linasikika mara mbili ya unavyolisikia mwenyewe. TV izimwe, na hapo mtabishana na watu wa nyumbani, vumilieni. Anzeni kwa kutaja tarehe, mahali, jina la anayeuliza na anayejibu, maana miaka ishirini ijayo faili litakuwa linaitwa "audio 0047" na hakuna atakayejua ni nani huyo.

Maswali yawe mafupi. Ukiuliza "maisha yalikuwa magumu?" utapata "ndio". Uliza "siku ya kwanza kazini ulivaa nini, ulibeba chakula gani?" afu nyamaza. Kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kuuliza, mzee akikaa kimya usimdakie, mara nyingi yuko njiani analeta kitu.

Saa moja inatosha, saa na nusu mwisho. Halafu usizime simu! Mkimaliza maswali ndo mama anasimama, anakwenda kabatini, anarudi na kopo la biskuti, na ndani ya kopo kuna pasi ya kusafiria ya zamani, kadi ya kliniki, picha kumi na kitu zimeshikana. Muacheni atoe moja moja huku rekodi inaendelea, nanyi mnasema kwa sauti: "picha ya watu wanne mbele ya ukuta, kutoka kushoto ni nani?" Kushoto kwenda kulia kila picha, mstari wa nyuma kwanza. Mkija baadae na picha tupu mtakuta nyuma pameandikwa jina la kijiji tu, au "kumbukumbu 1961", na wa kuuliza hayupo.

Picha zenyewe msiondoke nazo. Zipigeni skani palepale, skana ndogo ya mezani inabebeka, wekeni dpi 600 (ndo ukali wa picha), faili la TIFF, lile kubwa lisilopunguza ubora, kama nafasi ipo na JPEG ya kutumiana kwenye WhatsApp. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini pembeni kabisa, sio kalamu ya wino, wino unapenya. Selotepu hapana, gundi hapana, zile albamu za plastiki yenye kunata nazo zinaua picha taratibu. Nakala ziwe tatu: kompyuta ya chama, diski ya pembeni, na nyingine nyumba tofauti kabisa au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kuweka zote kwenye simu ya katibu ni sawa na kuweka mchele wa harusi kwenye mfuko uliotoboka.

Ruhusa iandikwe. Fomu ya ukurasa mmoja tu: nani anaruhusu, nini kitumike, kisubiri mpaka lini, na mzee ana haki ya kusema sehemu hii isisikike mpaka nife. Wamalta wana sababu ya kuwa makini hapa. Kati ya 1950 na 1965 watoto 310 kutoka Malta walipelekwa Australia bila wazazi wao, wengi wao jimbo la Western Australia, kwenye taasisi, na wengi wakaja kusimulia mambo mazito, mpaka waziri mkuu Kevin Rudd akasimama Novemba 2009 kuomba radhi kwa watoto wa aina hiyo na wengine waliolelewa kwenye taasisi za hapa. Ukikutana na simulizi kama hilo wewe sio polisi wala padri, sikiliza, usichimbe, na uwe umeshatafuta mapema namba ya huduma ya ushauri nasaha ya kumwachia. Kwetu sisi wenye vita nyuma yetu hili ni lazima, na kuna vitu mtarekodi ambavyo vikisikika leo vitagombanisha familia mbili zinazosali kanisa moja, hivo vifungieni.

Baada ya simulizi ndo nyaraka, na nyaraka zinafurahisha kwa sababu zinabishana na wazee. Mfano mzuri ni habari ya meli ya Kifaransa, Gange, ambayo Wamalta wa Australia wanaisimulia mpaka leo. Oktoba 1916 ilifika ikiwa na Wamalta 214, watu ambao kisheria walikuwa raia wa himaya ya Uingereza kama Waaustralia wenyewe. Lakini nchi ilikuwa kwenye kampeni ya kura ya maoni ya tarehe 28 mwezi huohuo kuhusu kulazimisha vijana kwenda vitani, na wapinzani wakasema serikali ya waziri mkuu Billy Hughes inaingiza vibarua wa bei rahisi wachukue kazi za watakaopelekwa vitani. Serikali ikaona meli imekuja wakati mbaya. Wakapewa mtihani wa imla, yaani uandike unachosomewa, ukifeli huingii nchini; sheria ya uhamiaji ya 1901 iliruhusu ofisa achague lugha yoyote ya Ulaya, akachagua kiholanzi! Wamalta na kiholanzi wapi na wapi. Wote wakafeli, wakapelekwa Nouméa, New Caledonia, baadae wakarudishwa Sydney wakawekwa kwenye meli kuukuu bandarini, na walikuja kuruhusiwa mwaka 1917. Hii sio hadithi ya kijiweni, ina magazeti na mafaili ya serikali.

Na nyie mnaweza kuyaona sasa hivi bure. Ingia Trove, tovuti ya magazeti ya zamani ya maktaba ya taifa ya Australia, andika Gange na Maltese, bana miaka iwe 1916 na 1917, utasoma mpaka usiku. Kwa mafaili ya serikali nenda RecordSearch, sehemu ya kutafutia kwenye tovuti ya National Archives of Australia (hifadhi ya nyaraka ya taifa), na kwa meli zilizofika Victoria kabla ya 1924 orodha ziko Public Record Office Victoria, hifadhi ya nyaraka ya jimbo, North Melbourne. Ukiona faili halijafunguliwa usikate tamaa, unaweza kuomba likaguliwe, ila subira iwepo. Upande wa Malta wao wana vitabu vya parokia, wana hifadhi ya taifa pale Santo Spirito, Rabat, kwenye hospitali ya zamani. Sisi pia vitabu vya ubatizo vya misheni vipo, andikeni barua kwa heshima, tumeni na sadaka kidogo.

Shida kubwa ya kutafuta ni majina. Kimalta kina herufi zake, ħ, ġ, ż, karani wa bandari alikuwa anaandika anavyosikia, afu wana majina machache ya ukoo yanayojirudia, Borg, Vella, Camilleri, Zammit wako wengi hatari, kwaiyo vijijini watu wanatambuana kwa lakabu ya familia. Chama chenye akili kinaandika lakabu kwenye kila kadi. Kwetu andikeni jina la kambini, jina la kwenye viza, jina analoitwa nyumbani, na jina la baba. Na tarehe ya kuzaliwa ikiwa 1 Januari msiiamini, ofisi ilimpa tu, muulizeni alizaliwa msimu gani au kabla ya tukio gani.

Usajili sasa, haraka haraka. Victoria mnahitaji watu wasiopungua watano, mnajisajili Consumer Affairs Victoria, ofisi ya serikali ya jimbo, kuna katiba ya mfano mnaweza kuichukua ilivyo, mkutano mkuu mnafanya ndani ya miezi mitano baada ya mwaka wa fedha kuisha. Akaunti ya benki iwe na saini mbili, na zisiwe za mume na mke. Afu jiungeni na Royal Historical Society of Victoria, chama cha historia cha jimbo, kama chama mwanachama, wako tangu 1909 na vyama vidogo vinapata bima kupitia kwao, bila bima hata ukumbi wa manispaa hamtapewa. Hela ya skana na kuchapisha ombeni Local History Grants inayosimamiwa na Public Record Office Victoria, wanapenda mradi mdogo wenye mwisho: "simulizi ishirini na kijitabu", sio "kuhifadhi utamaduni wetu".

Shughuli zipangeni juu ya kalenda ambayo watu tayari wanayo. Wamalta tarehe 8 Septemba wanakusanyika tu, ni siku ya kukumbuka kuisha kwa Mzingiro Mkuu wa 1565, pale Waturuki walipoizingira Malta, na ni sikukuu ya Bikira Maria pia, kwaiyo ukiweka maonyesho ya picha hapo watu wapo. Msianzishe siku mpya mkategemea watu waje. Mada ya mwezi iwe dakika arobaini, na atakayeleta slaidi themanini mnyimeni chai. Kijarida cha kurasa nne kila miezi mitatu kinatosha, na kiwe cha karatasi pia, kwa sababu mwenye habari hana email.

Kitu cha mwisho kiandikeni kwenye katiba siku ya kwanza, kabla hamjagombana: chama kikifa, makusanyo yanakwenda wapi. Zungumzeni na State Library Victoria au maktaba ya manispaa yenu mapema, wawaambie wanapokea nini na kwa mpangilio gani, na kila mwaka mkimaliza mkutano mkuu pelekeni nakala ya mliyorekodi pamoja na fomu zake za ruhusa.