Somo: Kutoka kwenye kadogo, bidhaa moja baada ya nyingine

Ukimwambia mtu wa Nairobi apunguze matumizi, jambo la kwanza analofikiria ni kuacha nyama na soda. Lakini katika nyumba nyingi ninazozijua, nyama ilishakuwa ya sikukuu. Pesa inapotelea kwingine: mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, sukari ya robo, makaa ya mkebe, kila siku, asubuhi na jioni. Bei ya kadogo, yaani ya kununua kidogo kidogo, ndiyo bei ya juu kuliko zote mtaani, na anayeilipa ni yule mwenye kipato kidogo zaidi. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu ya somo hili.

Hakuna anayenunua hivyo kwa kupenda. Ananunua kwa sababu ndicho kilichoko mfukoni jioni hiyo. Kwa hiyo sitakwambia uende supamaketi ukajaze troli. Tutatoka polepole, hata kama unalipwa kwa siku.

Hatua ya kwanza: andika wiki moja

Chukua daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki. Andika kila unachonunua, kiasi chake na bei. Wiki hiyo usibadilishe chochote, ishi ulivyozoea. Jumapili jioni jumlisha kwa bidhaa, si kwa siku: mafuta peke yake, unga peke yake, makaa peke yake, nauli peke yake. Bidhaa uliyoifuata dukani mara nyingi zaidi ndiyo tunayoanza nayo. Kwa wengi huwa ni mafuta ya kupikia.

Hatua ya pili: toa bidhaa moja kwenye kadogo

Tafuta chupa tupu ya nusu lita, uioshe na kuikausha vizuri. Kila ukinunua kipimo chako cha kawaida, kimimine humo kabla ya kukitumia, piga mstari kwa kalamu pale mafuta yalipofika, kisha uendelee na mapishi yako. Mistari hiyo itakuonyesha vipimo vingapi vinajaza nusu lita. Zidisha kwa bei, kisha muulize mwenye duka lita nzima anauza ngapi. Tofauti utaiona kwa macho yako mwenyewe, huhitaji kuniamini mimi.

Sasa tenga kopo. Kila siku ya kazi tia humo shilingi ishirini au thelathini, mpaka itimie bei ya lita moja. Nunua. Kuanzia siku hiyo ile pesa uliyokuwa ukitoa kila jioni kwa mafuta haina kazi, basi irudishe kwenye kopo. Sehemu yake itanunua lita ijayo, na inayozidi inaanza kutafuta bidhaa ya pili. Hapo ndipo wengi huteleza, maana pesa isiyo na kazi Nairobi haikai mfukoni. Na mafuta yakiwa mengi mkono nao huwa mwepesi, kwa hiyo ichore chupa ya lita mistari saba, kila siku mstari mmoja.

Baada ya mafuta nenda kwenye unga. Kununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na kuyapeleka posho mill kusagwa mara nyingi hushinda pakiti, ila yatazame kwanza: yawe makavu, na yenye ukungu usiyachukue hata ukipewa bure, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupika. Kisha sukari, kisha sabuni.

Si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi. Sukuma wiki, nyanya na maziwa, kama huna friji, endelea kununua ya siku. Vitunguu na viazi vinakaa. Majirani watatu mkichangishana, mmoja wenu akipita soko la Marikiti alfajiri akielekea kazini, mnaweza kugawana neti ya vitunguu. Kufunga safari maalum kwa ajili ya vitunguu peke yake sikushauri, nauli itakula faida yote.

Hatua ya tatu: moto

Tuseme unanunua makaa ya shilingi 100 kwa siku. Siku 30 ni 3,000. Mwenye pesa hiyo mkononi kwa mara moja hununua gesi na bado anabaki na chenji, lakini wewe huna 3,000 kwa mara moja, una mia leo na mia kesho. Kwa hiyo gesi nayo iingize kwenye kopo kama mafuta, ukianza na mtungi wa kilo 6. Siku ya kuujaza bandika karatasi juu yake uandike tarehe, ujue hakika unakaa siku ngapi. Mtungi umechorwa uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza 6, na huo ndio uzito unaopaswa kuuona kwenye mizani ya muuzaji. Mwambie apime mbele yako. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye kiungo: likitoa mapovu, gesi inavuja, usiwashe.

Maharagwe na githeri ndivyo vinavyomaliza moto. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mengine. Chemsha kwa nguvu nusu saa, kisha funika vizuri, ondoa motoni na uweke sufuria ndani ya kapu lililojazwa matambara au blanketi kuukuu. Joto lililomo linaendelea kuivisha kwa saa kadhaa bila senti. Huko kuchemsha kwa nguvu mwanzoni usikuruke: maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayoumiza tumbo vibaya.

Wanaobaki na makaa, tafadhali sana, msiingize jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya joto, hasa Julai hii yetu ya baridi. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya nne: stima

Kinachopasha joto ndicho kinachokula uniti za umeme. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inamaliza uniti moja. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inamaliza hiyo hiyo kwa dakika 12. Taa ya LED ya wati 9 inaweza kuwaka zaidi ya saa 100 kwa uniti hiyo moja. Kwa hiyo kugombana na watoto juu ya taa hakutakusaidia kama pasi inawashwa kila asubuhi kwa shati moja. Piga pasi mara moja kwa wiki.

Hatua ya tano: simu

Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza kutumika mwaka 2023, kutoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa 29, na kutoa 2,500 hukatwa 29 ile ile. Anayetoa 200 mara kumi amelipa 290 kwa kazi ambayo ingefanywa kwa 29. Panga siku moja ya kutoa.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kayole:* Asante dada. Mimi nafulia watu nguo. Leo napata 500, kesho sipati kitu. Hiyo ya kopo itatoka wapi?

Mama, wewe usiweke kwa siku, weka kwa kazi. Siku umelipwa, kopo lipate lake kabla hujapita kibandani. Siku hukupata, usiweke, na wala usijilaumu. Faida yako ni kubwa kuliko ya mwenye mshahara, kwa sababu siku tupu ikifika unga na mafuta viko ndani. Kama kopo linakushawishi, mwachie jirani unayemwamini.

*Mkaazi wa Pipeline:* Kununua tokeni za 50 ni hasara?

Hapana. Bei ya uniti haipandi kwa sababu umenunua kidogo, inafuata unavyotumia kwa mwezi. Wanaotumia hadi uniti 30 wana bei nafuu. Shida iko kwenye ploti ambazo nyumba nyingi zinatumia mita moja: matumizi yenu yanajumlishwa na mnaangukia bei ya juu hata kama wewe una balbu moja. Mkiweza, ombeni kila nyumba iwe na mita yake.

*Baba wawili, Mathare:* Mwenye duka wetu hunikopesha nikikwama. Nikianza kununua kwingine si ataninyima?

Swali zuri sana ndugu yangu, na usimwache. Mkopo wake ndio uliowalisha watoto siku mbaya. Mwambie wazi: nataka kuanza kununua mafuta kwa lita na unga kwa bale, utanipunguzia? Wengi hukubali kwa mteja wanayemjua. Mkate, maziwa na kiberiti viendelee kutoka kwake. Deni liandikwe kwenye daftari mbili, lake na lako.

*Mwanachama:* Niko ndani ya Fuliza kila wakati. Pesa ikiingia inamezwa.

Ndivyo Fuliza, mkopo huo wa M-Pesa, inavyofanya kazi: kinachoingia kinalipa deni kwanza, na ada ya kila siku inaendelea mpaka liishe. Chagua wiki ambayo tayari una unga na mafuta ndani, acha malipo yalipe deni lote, na wiki hiyo kula ulichoweka. Likiisha, jiondoe kupitia menyu yao kabla hujakopa tena.

*Mama Githurai:* Maharagwe yaliyochemshwa ya kibandani ni ghali kuliko kuchemsha mwenyewe?

Inategemea wingi. Kikombe kimoja kikavu huwa kama viwili na nusu kikiiva. Ukipika kikombe kimoja tu kwa gesi, mama wa kibandani anakushinda, yeye amechemsha sufuria kubwa kwa moto mmoja. Ukipika vinne kwa kapu, unamshinda wewe. Bila friji, yachemshe tena sawasawa usiku na asubuhi, na yakianza kunuka uchachu yamwage. Kama jirani ana friji, mpe kikombe kimoja akuwekee nusu ya sufuria.