Kabla mtoto hajapelekwa kufunguliwa kilango cha moyo

Mtoto aliyezaliwa na kilango chembamba cha moyo, kile kinachopitisha damu kwenda mapafuni, mara nyingi hapasuliwi kifua. Tangu 1982 madaktari hupitisha mrija kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, wakajaza puto kwa sekunde chache, na kingo zilizoshikana zikaachana. Tatizo ni kwamba familia nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza kuchanga pesa za kuvuka mto Ruzizi kwenda Kigali kabla ya kupata vipimo vinavyoonyesha kama safari yenyewe inahitajika.

Anzeni na ekografia ya moyo (picha inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), na msikubali ripoti inayosema tu "kilango ni chembamba." Iandikwe tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za kilango. Chini ya 36 mmHg (kizio cha kupimia shinikizo), mtoto hufuatiliwa tu. Ikizidi 64, hufunguliwa hata kama anacheza vizuri. Katikati ya hapo daktari huangalia dalili na unene wa chumba cha moyo cha upande wa kulia. Apimwe akiwa ametulia au amelala, kwa sababu akilia namba hupanda na kudanganya.

Kipenyo cha kilango nacho kiandikwe kwa milimita. Puto huchaguliwa likizidi kipenyo hicho kwa asilimia 20 hivi: kilango cha milimita 10, puto la 12. Likiwa dogo halifungui kitu. Likizidi sana hupasua kilango, damu ikawa inarudi nyuma. Ulizeni pia kama kilango ni laini au kinene na kigumu. Kikiwa kinene puto hushindwa mara nyingi, na hapo ni upasuaji. Ni heri kulijua hilo mkiwa bado nyumbani. Picha za video ziwekwe kwenye fleshi.

Pimeni kundi la damu, wingi wa damu, malaria na uzito wa wiki hiyo, maana dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo. Akiwa na homa au kikohozi, ahirisheni. Meno yaliyooza yatibiwe mapema. Mzazi anayebaki atie sahihi karatasi ya ruhusa.

Kabla ya usingizi: chakula na maziwa ya kopo hukoma yakibaki masaa 6, ya mama masaa 4, maji masaa 2.

Haya yote ni ya mtoto anayeweza kungoja. Kichanga mwenye ulimi wa bluu apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, aanzishiwe prostaglandini, dawa inayouacha wazi mshipa unaosaidia kupeleka damu mapafuni.