Jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na masaa kati ya eapoti mbili za mbali

Mi kazi yangu kukata tiketi, na swali la kila siku ni "hapa mpaka pale masaa mangapi?" Mtu anachukua muda wa kufika anatoa muda wa kuondoka, anapata jibu, na jibu lenyewe silo. Fanya hivi, mfano wetu Heathrow ya London na JFK ya New York.

Hatua ya 1: Tumia zile herufi tatu za eapoti, LHR na JFK, usiandike jina la mji tu. New York kuna JFK, LGA na EWR, utapima nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Umbali. Rula kwenye ramani ya ukutani achana nayo, dunia ni mviringo. Ukiwa na globu vuta uzi toka London mpaka New York ukaze, utaona unapanda kaskazini kuelekea Newfoundland kule Kanada, ndo njia fupi hiyo. Tovuti za kupima umbali zitakupa kama km 5,540. Ukikuta 2,990 usishtuke, hizo ni maili za baharini wanazotumia marubani, zidisha kwa 1.852.

Hatua ya 3: Gawa kwa 900, maana ndege kubwa ikishatulia juu inakata kama km 900 kwa saa. Hapo unapata masaa 6 na dakika 10 hivi, ongeza dakika 40 za kutembea chini, kupaa na kushuka, jumla masaa 6 na dakika 50. Kama kuna kubadilisha ndege njiani, kila kipande kipigie hesabu yake halafu jumlisha na muda wa kusubiri.

Hatua ya 4: Upepo, na hapa ndo wengi wanachemka. Kule juu kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na kipindi cha baridi unazidi, kwa hiyo kwenda London unasukumwa, unafika kwa masaa 6 na nusu mpaka 7, ila kurudi New York unapambana nao na safari inakuwa 7 na nusu hadi 8, umbali ni uleule! Halafu angalia na anga zilizofungwa. London mpaka Tokyo ni kama km 9,600, hesabu yetu inasema masaa 11 na kitu, lakini tangu 2022 ndege nyingi hazipiti juu ya Urusi, zinazunguka, inafika kama 14.

Hatua ya 5: Masaa ya kwenye tiketi ni ya kila mji na wake. Unatoka JFK 19:00, yaani saa 1 usiku, unatua London 07:00, saa 1 asubuhi, ukitoa unaona 12 kumbe London iko mbele masaa 5, hewani umekaa 7 tu.

Na hii 00:40 muwe nayo makini jamani, ni saa 6 na dakika 40 usiku, na tarehe ishageuka. Tiketi ikiandikwa tarehe 15 saa 00:40, eapoti unaenda tarehe 14 jioni. Nina mteja alikuja na mabegi yake tarehe 15 usiku, ndege ilishaondoka usiku uliopita.