Unaenda kununua jiwe la kaunta ya jikoni? Beba limau

Mnaojenga saa hizi, ukifika yadi ya mawe usiangalie rangi tu. Omba kipande cha mabaki cha jiwe lilelile, kamulia limau, acha dakika kama tano hivi halafu futa uangalie kwa pembeni kwenye mwanga. Pakipauka, hiyo ni marumaru au jiwe jingine la chokaa, hata kama muuzaji anaapa ni graniti, na kwa jikoni la kwetu la ndimu, ukwaju na nyanya kila siku hilo jiwe litakuwa na madoa kabla hata hujamaliza kulipa fundi. Ile graniti nyeusi tii nayo ifute na kitambaa cheupe chenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, kikitoka na weusi ujue imepakwa rangi, achana nayo.

Graniti yenyewe ndo mi naikubali, ila nayo inakunywa. Dondosha maji juu yake, yakiacha kivuli cheusi baada ya dakika kumi inataka kupakwa sila (dawa ya kuziba vitundu vya jiwe), la sivyo mafuta na manjano vinazama humo. Kuisafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo basi, siki na jiki weka mbali.

Yale mawe ya kiwandani ya unga wa mawe na gundi hayahitaji sila, ila sufuria ya moto usiiweke moja kwa moja, gundi inaungua. Bajeti ikibana piga tailizi, kubwa kubwa ili mistari iwe michache, maana uchafu wote unaishi kwenye grauti, ile ya kujazia kati ya tailizi.